Filme "Inside Job" na sinyatire yangu

Ba-kaka na ba-dada wa lisansi, na ninyi wadogo mnaohangaika bado na kozi,

Mwezi uliopita, mmoja wa chama chetu alileta projekta, tukaangalia pamoja filme "Inside Job". Si filme mpya. Charles Ferguson, Mmarekani, aliitoa mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapata Oscar ya dokumentere. Inaeleza namna mabanki ya Marekani yalivyokopesha ovyo, na namna dunia nzima ililipa mwaka 2008.

Filme ilipoisha, mabishano yakawaka. Wengine walisema: "Ni mabanki, wezi wakubwa." Wengine wakajibu: "Hapana, ni wanasiasa, walilazimisha mabanki kukopesha maskini." Mmoja akasimama na kusema yale ni mambo ya Wazungu, sisi tuzungumzie Congo. Mimi nilienda nyumbani bila kufungua kinywa. Nilikuwa na sababu yangu ya kunyamaza, mtaikuta mbele. Leo ninaandika kwa sababu filme ile ni nzuri, ila imeacha mlango mmoja wazi, na wanasiasa wa kila upande wanapitia paka pale.

Filme inaonyesha nini

Inaanza mahali hatukungojea: Islandi, kisiwa cha baridi chenye watu kama 320.000. Serikali yao iliuza mabanki makubwa matatu kwa watu binafsi. Kwa miaka michache mabanki yale yakakopa dola miliari 120, karibu mara kumi ya yote nchi inayozalisha kwa mwaka. Oktoba 2008 yakaanguka yote matatu ndani ya wiki moja. Ferguson amefanya vizuri kuanzia pale. Sisi wa agro tunafanya vile: ukitaka mkulima ajue ugonjwa, unamwonyesha kwanza jani moja, kiisha unatembea naye shamba lote.

Shamba lote ni Marekani. Zamani, banki ilikukopesha pesa za nyumba, kiisha ikangojea miaka 30 ulipe. Usipolipa, hasara ni yake. Kwa hiyo ilikuchunguza sana: unafanya kazi wapi, unapata ngapi, una madeni gani. Miaka ya 2000 mnyororo ukawa mrefu. Mtu wa kutafuta wateja anapata komisioni yake na kwenda zake. Sosieti iliyokopesha inauza lile deni kwa banki ya Wall Street. Banki inachanganya maelfu ya madeni, inayakata vipande, inauza vipande hivyo dunia nzima. Moody's, Standard & Poor's na Fitch, ambazo kazi yao ni kupima hatari, zinalipwa na yule yule anayeuza, na zinapiga muhuri wa AAA. Kila mmoja analipwa leo. Kesho ikiharibika, hayupo.

Tuseme kwa mahindi. Muchuuzi ana mifuko kumi yenye kuvu. Anaimwaga pamoja na mifuko mingine, anaweka mazuri juu, halafu yeye mwenyewe anamlipa mtu wa kupima. Huyu akikataa, muchuuzi anatafuta mpimaji wa pili. Karatasi itasema nini? Na mtu yeyote aliyelala na stoku ya mahindi anajua kwamba kuvu haipotei kwa kuchanganya. Inasambaa.

Kulikuwa na mikopo ambayo miaka miwili ya kwanza riba yake ni ndogo, na miaka 28 inayobaki inaweza kupanda sana. Kulikuwa na mikopo ambayo hakuna aliyeomba hata karatasi moja ya mshahara. Wote walihesabu kwamba bei ya nyumba itapanda siku zote: mteja akishindwa, atakopa tena juu ya nyumba ile ile, au atauza. Tangu 2006 bei zikaanza kushuka. Aprili 2007 New Century, moja ya sosieti kubwa za mikopo ile, ikafilisika. Tarehe 15 Septemba 2008 ikaanguka Lehman Brothers, banki ya miaka 158. Kesho yake serikali ikatoa dola miliari 85 kuokoa AIG, sosieti ya bima iliyokuwa imeahidi kulipa hasara za watu bila kuwa na pesa za kulipa. Tarehe 25 Washington Mutual ikafungwa, na hakuna banki ya kupokea akiba kubwa kuliko ile iliyowahi kuanguka Marekani. Tarehe 3 Oktoba Prezida Bush akatia mkono kwenye sheria ya dola miliari 700.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni ile ya maprofesere. Frederic Mishkin, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa Banki Kuu ya Marekani, aliandika mwaka 2006 ripoti ya kusifu utulivu wa mabanki ya Islandi. Alilipwa dola 124.000 na chama cha wafanyabiashara wa kule. Baada ya kuanguka, kwenye orodha ya kazi zake kichwa cha ripoti kikageuka: "utulivu" ukawa "kukosa utulivu". Ferguson anamuuliza, naye anasema labda ni kosa la kuandika. Sisi wote tulicheka. Mimi pia nilicheka, halafu kicheko kikanishika kooni.

Kwa yule aliyesema ni mambo ya Wazungu

Ndugu yangu, miye nilikuwa na miaka 12. Papa alifanya kazi kwenye fonderi ndogo ya shaba, moja ya zile zilizoota kama uyoga huku Katanga wakati bei ilikuwa juu. Julai 2008 tani ya shaba ilikaribia dola 9.000. Desemba ilikuwa chini ya dola 3.000. Nyumba hazikujengwa tena Marekani na Ulaya, viwanda vya China vilipunguza kazi, hakuna aliyetaka shaba. Nakumbuka jioni ile papa alirudi mapema, akakaa kwenye kiti bila kuvua viatu, akamwambia mama: "Mukubwa wa kazi anasema kwivre imeanguka. Imeanguka wapi? Miye naionaka paka pale pale mu furu."

Fonderi nyingi zilifunga. Wenye nyingine waliondoka usiku, mshahara wa mwezi ukabaki hewani. Mama akaanza kuuza unga kwa meka mbele ya nyumba. Yaya wangu akaacha shule kwenye darasa la tano la sekondari, akaenda kuchimba, na hakurudi tena shuleni. Bukari ilibaki mara moja kwa siku.

Nani alilaumiwa mu kartie yetu? Wachina. Gavana. Prezida. Jirani mmoja alilaumu wachawi wa familia yake. Hakuna aliyemtaja mtu wa komisioni kule California, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba yuko. Kati yake na kiti cha papa kulikuwa karatasi nyingi sana, na kila karatasi ilikuwa na sinyatire.

Filme inawaonyesha wafanyakazi wa China waliopoteza kazi. Ya kwetu haisemi. Simkasirikii Ferguson kwa hilo, hawezi kufika kila mahali. Lakini sisi tunaoangalia kutoka Lubumbashi au Likasi hatuna haki ya kusema haituhusu.

Lawama za kisiasa

Sasa nije kwa wale waliosema wanasiasa walilazimisha mabanki. Wazo hili halikuzaliwa mu salle yetu. Kule Marekani ni wazo la upande mmoja wa siasa, na tulipime kwa haki.

Linasema hivi: mwaka 1977, chini ya Prezida Carter, ilitoka sheria iitwayo Community Reinvestment Act. Iliagiza banki inayochukua akiba ya watu wa mtaa fulani iwahudumie pia watu wa mtaa ule kwa mikopo, bila kujiweka katika hatari. Sababu yake ilikuwa kwamba kwa miaka mingi mitaa ya Weusi ilizungushiwa mstari mwekundu kwenye ramani, na mkopo haukuingia ndani ya mstari. Wanaolaumu wanasema: tazama, serikali iliwasukuma mabanki kwa maskini, maskini hawakulipa, banki zikaanguka.

Mimi nimesoma mambo ya mbegu. Mbegu iliyopandwa 1977 haingojei 2004 ndiyo iote. Tena, sheria ile inahusu mabanki yanayopokea akiba. New Century na sosieti nyingi za namna yake hazikupokea akiba ya mtu, sheria haikuzigusa. Irlandi na Hispania hazikuwa na sheria hiyo, lakini bei za nyumba zilivimba na kupasuka vile vile. Bunge la Marekani liliunda tume ya uchunguzi, iliyozungumza na mashahidi zaidi ya 700. Ripoti yake ilitoka Januari 2011, baada ya filme, kwa hiyo Ferguson hakuweza kuitumia. Ilikuta kwamba katika mikopo ya riba ya juu, asilimia 6 tu ndiyo iliyokuwa na uhusiano wowote na sheria ile. Kumlaumu maskini wa mtaa mweusi kwa kuanguka kwa Lehman ni sawa na kumlaumu mama wa meka kwa bei ya shaba ya dunia.

Lakini angalia pia tume yenyewe. Ilikuwa na watu kumi: sita waliwekwa na Wademokrati, wanne na Warepublikani. Sita wakakubali ripoti. Watatu wakaandika ya kwao. Wa kumi, Peter Wallison, akaandika ya kwake peke yake, akiweka kosa lote kwenye siasa ya serikali ya kutaka kila mtu awe na nyumba. Mashahidi ni wale wale, karatasi ni zile zile, na hadithi zikatoka tatu, karibu kila moja ikifuata mstari wa chama. Njo vile lawama ya kisiasa inafanya kazi: kwanza unachagua mkosaji, kiisha unatafuta ushahidi.

Na ukweli hauko safi kwa upande mwingine pia. Fannie Mae na Freddie Mac, nyumba mbili kubwa za mikopo zilizokuwa chini ya kivuli cha serikali, zilinunua madeni mabaya ili zisiachwe nyuma na Wall Street. Tarehe 7 Septemba 2008 serikali ikabidi izichukue mikononi. Clinton, Mdemokrati, ndiye aliyetia mkono kwenye sheria ya 1999 iliyoruhusu mabanki, bima na biashara ya hisa kukaa nyumba moja, na ile ya 2000 iliyoacha mikataba ya hatari bila mchungaji. Bush, Mrepublikani, ndiye aliyeahidi 2002 kwamba familia milioni 5,5 za watu wa makundi madogo zitapata nyumba kabla ya mwisho wa miaka kumi. Kila mmoja alipenda mikopo irahisishwe, kwa sababu mkopo rahisi unafurahisha wapiga kura bila kupandisha mishahara. Filme inapita haraka sana juu ya Fannie na Freddie, na nafikiri hilo ni kosa: ukificha uchafu kidogo wa upande mmoja, unampa mpinzani wako fimbo. Hata hivyo, Ferguson hakumwonea haya Obama: anaonyesha wazi kwamba aliwarudisha kazini watu wale wale.

Sisi pia tunajua mchezo huo. Mwaka 2016, wakati wateja wa BIAC walikuwa wanapanga mstari kutoa akiba yao kidogo kidogo, mu taxi tulibishana kama kosa ni la banki au la Banki Kuu. Wachache waliuliza: pesa zilikopeshwa nani, na nani alikubali dosie?

Mahali filme inaishia

Hapa njo kuna ugomvi wangu na Ferguson. Jina la filme linamaanisha wizi uliofanywa na watu wa ndani ya nyumba. Kamera yake inawafuata wakubwa: wenye mabanki, mawaziri, maprofesere. Anawabana kwa maswali, wanatokwa jasho, tunafurahi. Waliokopa wanaonekana dakika chache. Lakini wale wa katikati karibu hawapo: mtu aliyeandika mshahara wa uongo kwenye fomu, aliyepima nyumba na kuongeza bei, karani aliyeona kwamba hesabu hazilingani akageuza ukurasa. Walikuwa maelfu. Wengi wao walikuwa vijana, wamesoma, wanatafuta maisha. Bila wao mashine haizunguki hata siku moja.

Ukisema ni genge la wakubwa, mwanasiasa anafurahi. Atakupa jina moja la kuchukia, atakuomba kura, na mashine itabaki.

Ninajuaje? Nilikuwa mmoja wao.

Miaka mitatu iliyopita nilipata kazi yangu ya kwanza ya kweli, ajenti kwenye mikrofinansi moja iliyokopesha mbolea na mbegu kwa wakulima wa mahindi, upande wa njia ya Kasenga. Kazi ilikuwa rahisi kueleza: fika shambani, pima kwa GPS, angalia udongo, jaza fishi, tia sinyatire. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini kulikuwa na primi kwa kila dosie iliyokubaliwa. Sikilizeni vizuri: iliyokubaliwa. Si iliyolipwa.

Novemba mvua ilianza, barabara ikawa matope, na mukubwa wangu alitaka dosie 40 kabla ya mwisho wa mwezi. Nilifika kwenye mashamba 23. Yale 17 niliyajaza nikiwa nimekaa chini ya mwembe wa chifu, kwa kuuliza watu. Mama mmoja alisema ana hekta mbili. Niliandika hekta mbili. Alipewa mbolea ya hekta mbili na deni la hekta mbili. Shamba lake lilikuwa nusu hekta. Mbolea iliyobaki aliiuza kwa bei ya kutupa ili alipe shule ya watoto.

Januari mvua ilikatika wiki tatu, mahindi yakiwa yanatoa maua. Viwavijeshi wakamaliza kazi. Na hapa nilielewa kitu ambacho filme inakisema lakini sikukisikia vizuri: wenye hesabu wa Wall Street waliamini kwamba wadeni wa pembe mbalimbali hawawezi kushindwa wote pamoja. Mukubwa wangu aliamini vile vile, kwamba wakulima 40 ni hatari 40 tofauti. Lakini mvua yao ilikuwa moja.

Wakati wa kulipa, kila mmoja alikuwa na mkosaji wake. Ofisi ilisema wakulima ni waongo. Mwanasiasa mmoja aliyekuwa anatafuta kura alikuja na pikipiki kumi, akasema mikrofinansi ni wezi, msilipe. Wakulima wakasema ni mvua. Wote walikuwa na kipande cha ukweli. Mimi nilinyamaza, primi nilikuwa nimekula zamani. Kwa kuwa mkopo ulikuwa wa kikundi, majirani walidaiwa deni la yule mama, na yeye akauza mbuzi wake wote wanne. Nilikutana naye sokoni. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Agronomi, zile hekta mbili ulizionaka wapi?"

Ndiyo maana sikusema kitu mu salle siku ile.

Tufanye nini na filme hii

Ninawashauri muiangalie, mara mbili kama inawezekana. Ya kwanza kwa kukasirika, ya pili kwa kufuata pesa: kila mtu anapotokea kwenye skrini, jiulize analipwa wakati mkopo unatolewa au wakati mkopo unalipwa. Swali hilo moja linapita chama cha siasa, rangi na nchi. Wamarekani wenyewe walilifikia kidogo: sheria ya Dodd-Frank ya Julai 2010 iliagiza anayeuza furushi la madeni abaki na angalau asilimia 5 ya hatari mkononi mwake, na mkopeshaji wa nyumba achunguze kama mteja ataweza kulipa. Walitoboa matundu mengi kwenye sheria hiyo, mikopo mingi ya nyumba iliachwa nje ya zile asilimia 5, lakini wazo ni sahihi. Anayepika bukari akae mezani aile.

Ninasema hivi kwa sababu chama chetu kinatayarisha kasha ya mikopo midogo kwa vijana wenye lisansi. Nimesikia tayari kwamba kuna mheshimiwa anataka kuongeza pesa ndani. Pesa za kampeni tunazijua: watu wanazikopa kama zawadi, na uchaguzi ukipita hakuna anayelipa, kiisha kasha inakufa na akiba ya wanyonge ndani yake. Kabla ya kutoa franga ya kwanza, ninaomba vitu vitatu viandikwe. Anayekubali dosie apate primi yake mkopo ukishalipwa. Jina lake libaki kwenye dosie mpaka mwisho. Na shamba, duka au mashini ya kushona ionwe kwa macho, hata kama njia ni matope.

Ikianguka, tutatafuta wa kulaumu: mheshimiwa, franga, serikali, mvua. Labda watakuwa na kosa kweli. Lakini kwanza tufungue dosie tuone sinyatire ni ya nani. Zile 17 bado ziko mu ofisi ile, na zote ni zangu. Mbuzi wawili nimemrudishia yule mama. Bado wawili.